Karatasi Iliyorudi na Wino Mwekundu

Kijana wa Uvira, mashariki ya Kongo, anayemaliza humanité (shule ya sekondari) huandika insha moja kubwa kuliko zote alizowahi kuandika, nayo ni ile ya mtihani wa taifa, Egzetat. Ni disertasyo ya Kifaransa, inayofanywa wiki kadhaa kabla ya mtihani wenyewe. Baadaye zinafuata siku nne za kuchagua jibu moja kati ya majibu yaliyokwisha kuchapwa. Disertasyo ile ikishakusanywa haionekani tena. Kijana anapata asilimia yake ya jumla, nyumbani wanampaka unga kichwani kwa furaha, lakini hajui ni sentensi gani ilimponza, ni hoja gani ilisimama, wala ni aya gani ingefaa kutangulia.

Miezi michache baadaye anaketi katika oditori ya chuo na anaagizwa TP (travail pratique, kazi ya zoezi) ya kurasa 15.

Hapo ndipo shida inapoanza, nayo haitokani na uvivu kama wazee wengi wanavyodhani. TP hutolewa kwa kundi. Majina kumi yanaorodheshwa kwenye jalada, mmoja au wawili wanaandika, wengine wanachanga pesa ya sekretariati, zile nyumba ndogo zenye kompyuta, printa na mashine ya fotokopi ambako kazi huchapwa kwa malipo ya kila ukurasa. Umeme ukikatika, kazi inangoja. Ukirudi, foleni ni ndefu, na hakuna mwenye hamu ya kusoma tena yaliyochapwa. Asistenti ana mamia ya karatasi mbele yake, kwa hiyo anaweka pointi na kuendelea. TP nayo inakwenda njia ileile iliyokwenda disertasyo: hairudi.

Kisha unafika mwaka wa kumaliza, na mwanafunzi anadaiwa kazi ya kurasa nyingi anayoiandika peke yake chini ya direkta, mwalimu anayemwongoza. Vizazi vya wanafunzi wa Kongo vimeijua kwa jina la TFC (travail de fin de cycle), na ile ya ngazi ya juu kwa jina la memwari. Mfumo wa LMD (licence, master, doctorat), ulioanza kutumika kwa upana nchini katika mwaka wa masomo 2021-2022, umeongeza uzito wa jambo hili, kwa sababu kredi zake zinahesabu pia saa ambazo mwanafunzi anafanya kazi mwenyewe, nje ya oditori. Lakini kufanya kazi peke yako ni ufundi, na ufundi huo hauji pamoja na kadi ya mwanafunzi.

Asiyefundishwa hujitafutia njia. Njia iliyo karibu zaidi ni kwenda maktaba, kuomba TFC ya miaka iliyopita yenye mada inayofanana, na kufuata nyayo zake: problematiki, ipotezi, malengo, sababu ya kuchagua mada, mipaka ya kazi katika mahali na wakati, mgawanyo wa sura. Mpango huo si mbaya. Ubaya unaingia pale vichwa vinapojazwa kabla swali halijapatikana. Mwaka unabadilishwa, kata inabadilishwa, na ipotezi inaandikwa siku moja na hitimisho linaloithibitisha. Kazi ya namna hiyo inaweza kupita, lakini aliyeiandika anatoka chuoni bila kujua kuandika, na mji unabaki bila kujua jambo jipya juu yake wenyewe. Hiyo ndiyo hasara kubwa, kwa maana Uvira ni mji wenye maswali mazito, na wanafunzi wake ndio walio karibu nayo kuliko mtu mwingine yeyote.

Historia ya mji huu inaonyesha kilichopo kati ya kudhani na kujua. Mdomo wa mto Rusizi uko mwendo mfupi tu mashariki ya kata ya Kavimvira. Mwaka 1858 Waingereza wawili, Richard Burton na John Hanning Speke, waliondoka Ujiji kwa mitumbwi kwenda kutafuta jibu la swali moja: je, mto ule wa kaskazini unaingia katika ziwa Tanganyika au unatoka humo? Kama unatoka, Tanganyika lingeweza kuwa chanzo cha Nile. Speke alikuwa na habari aliyoipata katika kisiwa cha Kasenge kwa mfanyabiashara Mwarabu, Sheikh Hamed bin Sulayyim, na Speke aliielewa kwamba mto unatoka. Tarehe 26 Aprili walifika Uvira. Wana watatu wa mtawala wa hapo, Maruta, wakaja kuwasalimu, wakaulizwa, wakajibu bila kusita kwamba Rusizi inaingia ziwani. Wenyeji wengine waliokuwapo wakasema vivyo hivyo. Sidi Mubarak Bombay, mkalimani wa msafara, naye akaeleza kwamba maneno ya Sheikh yalikuwa yameeleweka kinyume.

Wapiga kasia walikataa kuendelea kaskazini. Burton na Speke wakageuza mitumbwi bila kuuona mto wenyewe.

Kilichofuata kinafaa kusomwa na kila anayeandika memwari. Mwaka 1864, baada ya ugomvi mrefu na Speke, ambaye alikufa mwezi Septemba mwaka huo, Burton alitoa kitabu alichokiita The Nile Basin, akarudia wazo kwamba huenda ziwa linatoa maji yake kaskazini. Ushuhuda wa watu wa Uvira alikuwa nao tangu zamani. Alikuwa ameuandika kwa mkono wake mwenyewe katika kitabu cha 1860. Ila wazo lile lilikuwa linamfaa katika ubishi wake. Mwezi Novemba 1871 David Livingstone na Henry Morton Stanley walipiga makasia hadi mdomo wa Rusizi, wakatazama, wakaona maji yanaingia. Njia ya kutokea maji, mto Lukuga, ilikuja kuandikwa na Verney Lovett Cameron mwaka 1874, mbali sana upande wa magharibi wa ziwa.

Yote ambayo mwalimu wa metodolojia angependa kufundisha yamo katika kisa hiki. Kuna habari ya kusikia iliyopita katika lugha mbili na kupinda njiani. Kuna ushahidi wa watu walioishi na mto ule, uliowekwa kando. Kuna mtu aliyeipenda ipotezi yake kuliko alivyoupenda ukweli. Na kuna dawa, ambayo ni kwenda kutazama. Vitabu vya Burton na Stanley vimekwisha muda wa haki za mwandishi, vinasomwa bure katika maktaba za intaneti, hata kwenye simu. Mwanafunzi wa historia anaweza kuweka kurasa mbili za mtu mmoja, ile ya 1860 na ile ya 1864, upande kwa upande, akaandika insha yake juu ya umbali uliopo kati yake.

Livingstone naye ameacha somo jingine, hili la kuandika na kuandika tena. Mwaka 1871 alikuwa Nyangwe, katika Maniema, ameishiwa karatasi na wino. Aliandika juu ya kurasa za gazeti kuukuu la Uingereza, akipitisha mistari yake juu ya maandishi yaliyochapwa, kwa wino alioutengeneza mwenyewe kutokana na mmea. Tarehe 15 Julai aliona mauaji ya watu sokoni Nyangwe, akayaandika. Baadaye alipopata daftari zuri alinakili yote kwa mwandiko safi. Kwa miaka 140 wasomaji waliijua ile nakala safi tu, maana rasimu ilikuwa imefifia. Mwaka 2011 timu iliyoongozwa na Adrian Wisnicki ilitoa matokeo ya kuipiga picha rasimu ile kwa mianga ya aina mbalimbali hadi maandishi yakasomeka. Ikaonekana kwamba alipokuwa akinakili alibadili mambo, hasa yaliyohusu mwenendo wa watu wake mwenyewe.

Kusahihisha, basi, kuna njia mbili. Mtu anaweza kurudia maandishi yake ili aseme wazi zaidi alichokiona, na anaweza kuyarudia ili kukificha. Ndiyo sababu walimu wazuri huwaambia wanafunzi wasitupe rasimu ya kwanza wala fishi walizoandika uwanjani. Zile karatasi zenye alama za vidole na tone la chai ndizo zinazoonyesha mwandishi alitoka wapi.

Kwa yule anayeona historia ni ya mbali, kuna mfano wa juzi juzi, tena wa hapahapa mjini. Kipindupindu ni ugonjwa ambao Uvira imeishi nao miaka mingi. Kila mkaaji ana maelezo yake: ni ziwa, ni mvua, ni bomba linalokauka. Mwaka 2015 jarida la PLoS Medicine lilichapisha utafiti wa Aurélie Jeandron na wenzake, miongoni mwao Jaime Mufitini Saidi na wengine waliofanya kazi Uvira. Waliuliza swali jembamba sana: siku ambayo bomba la shirika la maji, Regideso, halitoi maji, wagonjwa wanaoingia kituo cha matibabu ya kipindupindu wanaongezeka katika siku zinazofuata, na kwa kiasi gani?

Ufundi wa kazi hii uko katika vyanzo vyake. Mtambo wa maji ulikuwa na rekodi ya kiasi cha maji yaliyosukumwa kila siku. Kituo cha matibabu kilikuwa na daftari la wagonjwa walioingia kila siku. Madaftari mawili ya kawaida, yaliyoandikwa na watu waliokuwa wanatimiza kazi yao, ya mwaka 2009 hadi 2014. Watafiti waliyalaza pamoja, wakazingatia mvua na majira, wakahesabu. Waligundua kwamba katika siku 12 baada ya siku isiyo na maji ya bomba, idadi ya wagonjwa wanaoshukiwa kuwa na kipindupindu iliongezeka kwa wastani wa asilimia 155. Karibu robo ya wagonjwa wote wa kipindi kile, asilimia 23, wangeweza kuhusishwa na kukatika kwa maji.

Hesabu za mwisho zilihitaji wataalamu wa takwimu, hilo ni kweli. Lakini swali lenyewe lingeweza kutoka kwa mwanafunzi wa Kavimvira aliyelala siku mbili bila maji. Na mji umejaa madaftari ya namna hiyo: ya mahudhurio shuleni, ya wazazi katika senta za afya, ya magari na bidhaa mpakani, ya meli katika bandari ya Kalundu, ya samaki waliopimwa na Kituo cha Utafiti wa Hidrobiolojia, CRH, ambacho mizizi yake ni IRSAC, taasisi ya utafiti iliyoundwa wakati wa Wabelgiji mwaka 1947 yenye makao Lwiro. Kuyafikia kunahitaji barua ya chuo yenye muhuri, uvumilivu, na heshima kwa karani anayeyatunza, kwa maana ndiye anayejua ni miezi gani daftari halikuandikwa na kwa nini.

Kuna pia vyanzo vinavyozungumza. Hapo wanafunzi wengi hukosea kwa kubeba maneno ya kitabuni hadi ufukweni. Mwanafunzi anamsimamisha mama anayeuza ndakala, wale samaki wadogo wa ziwani, na kumwuliza anaonaje athari za mabadiliko ya tabianchi kwenye uzalishaji wa samaki. Mama, kwa adabu, anamjibu anachodhani kijana anataka kusikia. Swali likigeuzwa, ushuhuda unabadilika: “Jambo yako, mama. Mwaka ule ziwa lilipoingia kwenye nyumba za watu, beseni moja la ndakala ulikuwa unalipata kwa wavuvi kwa bei gani? Na sasa?” Mama anaweka mzigo chini, anakumbuka, anamwita jirani yake amsaidie kukumbuka, wanabishana, na ndani ya ubishi ule mna tarehe, bei, na majina ya fukwe zilizomezwa na maji. Mwanafunzi anaandika papo hapo kwa Kiswahili kilekile alichosikia. Kifaransa kitakuja baadaye, nyumbani.

Jambo la lugha linastahili kusemwa waziwazi. Mwanafunzi wa Uvira anaweza kuongea Kifuliiru au Kivira au Kibembe na bibi yake, Kiswahili sokoni, kisha anatakiwa kuandika kwa Kifaransa cha chuoni. Wengi huanza kuandika kwa Kifaransa kabla hawajajua wanataka kusema nini, na matokeo yake ni sentensi ndefu zinazong'aa bila kubeba kitu. Afadhali afanye hivi: amweleze rafiki hoja yake yote kwa Kiswahili, kwa dakika tano, bila karatasi. Akikwama, amekwama katika fikra, na kamusi haitamsaidia. Akimaliza bila kukwama, Kifaransa kinakuwa kazi ya mikono tu. Kuficha udhaifu wa hoja nyuma ya “dans le cadre de” ni rahisi, kuuficha mbele ya rafiki anayeuliza “eh, halafu?” ni vigumu sana.

Marekebisho yenyewe yanakuwaje? Tuchukue mwanafunzi anayeandika juu ya maji katika Kavimvira, na tuandike sentensi zake kwa Kiswahili ili zionekane vizuri. Rasimu ya kwanza inafungua hivi: “Maji ni uhai. Tangu zamani mji wa Uvira unakabiliwa na matatizo mengi ya maji yanayoathiri wakaaji kwa njia mbalimbali.” Direkta anayejali anaandika pembeni kwa wino mwekundu maneno matatu: gani, wapi, lini. Mwanafunzi anaudhika kwanza, kisha anarudi mezani: “Katika Kavimvira wakaaji wengi huchota maji ziwani bomba linapokauka.” Sasa kuna mahali na kuna tendo. Wino mwekundu unarudi: wengi ni wangapi, na umejuaje? Swali hilo la pili haliwezi kujibiwa mezani. Linamtoa mwanafunzi nje, avenue kwa avenue, akiwa na daftari. Akirudi anaandika: “Tulipita katika avenue tatu za Kavimvira, tukahesabu nyumba zenye bomba uani, na katika kila nyumba tukauliza maji yaliyotumiwa jana yalichotwa wapi.” Hakuuliza juu ya maji kwa jumla, aliuliza juu ya maji ya jana, ambayo mtu hawezi kuyasahau wala kuyapamba. Sentensi ya tatu haina uzuri wa ile ya kwanza, lakini juu yake sura nzima inaweza kujengwa. Na mwanafunzi ataona kwamba ile “maji ni uhai” imeondoka yenyewe, bila kufukuzwa.

Mambo yanayotokea mjini nayo hulazimisha rasimu ibadilike. Aliyekuwa akiandika juu ya mto Mulongwe mwanzoni mwa 2020 aliamka tarehe 17 Aprili akakuta mto umetoka njia yake usiku, umeua makumi ya watu, umebomoa maelfu ya nyumba na kuharibu mitambo ya maji ya mji. Hakuna utangulizi ungebaki kama ulivyokuwa. Vita navyo vimekata njia: Februari 2025 waasi wa M23 walipoingia Bukavu, mwanafunzi wa Uvira aliyekuwa na direkta wake huko, au vitabu vyake katika maktaba za huko, alibaki na simu tu.

Na simu hiyo si kitu kidogo. Ule utafiti wa kipindupindu unasomwa bure, kwa kuwa PLoS haitozi wasomaji. Persée inatoa bure majarida ya zamani ya Kifaransa. Mpango wa Research4Life huzipa taasisi za nchi zenye kipato kidogo majarida ya kulipia, bure au kwa bei nafuu, ila ni lazima taasisi yenyewe ijiandikishe. Wanafunzi wanaweza kuuliza chuo chao kama kimefanya hivyo, na kama bado, waombe kifanye. Zotero, programu isiyolipiwa, hutunza marejeo ili usiku wa mwisho usiwe wa kutafuta mwaka wa kitabu kilichorudishwa maktaba zamani.

Katika simu hiyohiyo mna mashine zinazoandika insha nzima kwa dakika moja. Wanafunzi wanazitumia, na kukataza tu hakutoshi. Waelezwe kinachotokea. Mashine hizo huweza kutunga marejeo ambayo hayapo, kwa majina na miaka inayosikika kuwa ya kweli. Juni 2023, huko New York, mawakili wawili na ofisi yao walipigwa faini ya dola 5,000 kwa kupeleka mahakamani kesi zilizobuniwa na ChatGPT. Tena hakuna mashine iliyopita katika avenue zile tatu za Kavimvira kuuliza maji ya jana.

Linabaki tatizo la karatasi isiyorudi, kwa sababu direkta mmoja ana wanafunzi wengi na hawezi kusoma rasimu nne za kila mtu. Hapa wanafunzi wanaweza kujisaidia bila kungoja wizara. Watu wanne wa promosheni moja wanakubaliana siku ya wiki. Kila mmoja analeta kurasa tatu, si zaidi, na kuzibadilisha na mwenzake. Msomaji haruhusiwi kusahihisha tahajia kwanza. Anafanya mambo mawili tu: anaandika kwa sentensi moja alichoelewa kuwa ndiyo hoja, na anapiga mstari mahali alipochoka au alipotaka kuuliza “umejuaje?” Sentensi ya msomaji isipofanana na ile iliyokuwa kichwani mwa mwandishi, kosa ni la ukurasa, na ukurasa unaandikwa upya. Inauma mara mbili za kwanza. Mara ya tatu mwandishi anaanza kuyaona mwenyewe yale ambayo mwenzake angeyapigia mstari, na anayarekebisha kabla hajatoka nyumbani.

Faida yake huonekana siku ya kutetea kazi. Ndugu wamevaa vizuri, wameketi nyuma, vinywaji viko tayari. Mmoja wa jiri anafunua ukurasa fulani na kuuliza takwimu hii imetoka wapi. Aliyenakili anatazama jalada la kazi yake kana kwamba jibu limeandikwa hapo. Aliyeandika mwenyewe anataja avenue, siku aliyopita, nyumba ambazo hazikuwa na mtu na jinsi alivyozihesabu, na sababu iliyomfanya aliondoe jedwali lililokuwa katika rasimu ya pili.